Barua kwa shoga yangu kuhusu ada ya BTP

Morogoro

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Nimesoma ujumbe wako kuhusu ada ya binti yetu. Unauliza kwa nini chuo kinadai ada kamili ya mwaka wakati wiki 8 za mwaka huo atakuwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, yeye ndiye anayefundisha. Una haki ya kuuliza.

Chuo kitakujibu kwamba kuna msimamizi anayetumwa kumkagua, ana nauli na posho yake. Ni kweli, na kazi hiyo ilipwe. Lakini hapa kwetu msimamizi huja mara chache, hukaa nyuma ya darasa kipindi kimoja, hujaza fomu na kuondoka. Siku nyingine zote mwanachuo yuko mikononi mwetu walimu wenyeji, na katika ada ile sisi hatuoni hata senti.

Na kazi anayoifanya ni kazi kweli. Hatuna walimu wa kutosha wa hisabati na fizikia. Wanachuo wakifika Julai, mwalimu wa taaluma anapumua, anawagawia vipindi vya Kidato cha Kwanza na cha Pili vilivyokuwa vimelala. Wanaandika azimio la kazi, wanaandaa andalio la kila somo, wanasahihisha madaftari rundo kwa rundo, wanashika zamu. Wakiondoka, vipindi vinalala tena. Kijana anaziba pengo la mwalimu wa serikali, halafu yeye ndiye anayelipa! Hapo ndipo roho inaponiuma.

Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupewa shilingi 10,000 kwa kila siku ya mafunzo kwa vitendo, kwa siku zisizozidi 56. Humo humo kuna chumba, chakula, nauli, na karatasi za manila za zana za kufundishia. Nalo ni deni, maana akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Asiye na mkopo anawategemea nyinyi wazazi. Mwaka jana tulipata kijana mwenye kipaji hasa, kumbe alikuwa akishindia uji wa shule. Tukachangishana ofisini.

Wenzetu Australia, tangu Julai 2025, serikali inawalipa wanachuo wa ualimu, uuguzi na ustawi wa jamii wenye kipato kidogo wakiwa kwenye mazoezi. Ilianza na dola 319.50 za kwao kwa wiki. Jimbo la Michigan kule Marekani lilianza kumpa mwanachuo wa mazoezi dola 9,600 kwa muhula. Sidai sisi tufikie huko. Ninachotaka ni chuo kitoze usimamizi peke yake kwa wiki hizo, na halmashauri iliyopata mwalimu wa bure imlipie chumba na nauli.

Kwa sasa lipeni, shoga, wasije wakamzuilia matokeo. Ila shemeji na wazazi wenzake wamwandikie mkuu wa kitivo, waombe mchanganuo wa ada kwa maandishi, wajue ni kiasi gani kinakwenda kwenye BTP.

Na huyo mtoto achague shule yetu. Atakaa kwangu, kwa mama yake mkubwa, hatalipa chumba wala chakula. Aje na chandarua, mbu wa huku unawajua. Uniambie mapema ni masomo gani mawili anafundisha, nikaongee na mwalimu wa taaluma kabla ratiba haijapangwa.

Ni mimi shoga yako,
Mama Mwalimu