Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Chama cha Michezo cha Shule: Masharti ya Kucheza na Nidhamu ya Wachezaji Wetu

Mheshimiwa Mlezi wa Chama, Mwalimu Mkuu, walimu wa michezo, makocha, wajumbe wenzangu wa kamati tendaji, wazazi, walezi na ndugu wanachama wote,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awasilishe taarifa kila mwisho wa mwaka. Shughuli za kawaida nitazipitia haraka kwa kuwa mnazijua. Muda mrefu nitautumia kwa lile lililotugawa, yaani masharti ya kucheza yaliyowaondoa wachezaji wetu watatu kabla ya fainali, maana maneno yamekuwa mengi na mengine yamewafikia watoto.

Shughuli za mwaka

Tulikuwa na timu tisa katika mpira wa miguu, wavu, kikapu, pete na riadha. Mechi zilikuwa 64: tulishinda 37, sare 9, tukafungwa 18. Tulinunua seti tatu za jezi, nyavu mbili, na sanduku la huduma ya kwanza kwa kila timu. Makocha walipata mafunzo ya siku moja kuhusu mtikisiko wa ubongo, jambo ambalo nililipigania mwenyewe kwenye kamati mpaka likapita. Sasa kila kocha anajua kwamba mchezaji aliyegongwa kichwa akaonyesha dalili anatolewa na harudi uwanjani siku hiyo, hata aseme yuko fiti namna gani, na kwamba kurudi kwake ni kwa hatua, kila hatua isipungue saa 24. Tulipiga marufuku pia poda na vidonge vya kuongeza nguvu ambavyo daktari hajaviona. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli lililoanzishwa mwaka 1999, zinambebesha mchezaji mwenyewe dhamana ya chochote kitakachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Ziara, bonanza na hafla ya zawadi vilifanyika kama kawaida.

Suala la fainali

Siku tatu kabla ya fainali ya mpira wa miguu ya wavulana, kamati iliwaondoa wachezaji watatu kwenye orodha, mmoja wao nahodha. Tulifungwa bao moja kwa bila. Tangu siku hiyo nimeitwa mharibifu wa timu na mtu asiyejua mpira. Nimevumilia, ila leo naomba nisikilizwe mpaka mwisho.

Masharti yaliyowaondoa hayakutoka mfukoni mwangu. Yalipitishwa humu ndani na wanachama 76: waliokubali 61, waliokataa 11, wasiopiga kura 4. Yanasema mwanafunzi anayevaa jezi ya shule ahudhurie masomo kwa asilimia 90, asifeli zaidi ya somo moja, asiwe na shauri la nidhamu ambalo halijamalizika, na umri na usajili wake vithibitishwe kwa nyaraka. Ukaguzi ni kila baada ya wiki nne. Aliyekwama hachezi mechi mpaka ukaguzi unaofuata, lakini mazoezini anakwenda, na siku ya mechi anakaa na wenzake akiwa amevaa sare ya shule. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari na aliyefiwa hawahesabiwi utoro. Anayeona ameonewa ana siku mbili za kukata rufaa. Wachezaji 128 walijaza fomu na kila fomu ina saini ya mzazi au mlezi. Zote zimo kwenye jalada la bluu mezani kwa katibu. Anayetaka kuiona saini yake aje aione.

Ukaguzi uliotangulia walikwama 11. Saba walijirekebisha, wanne wakabaki. Mmoja wa hao wanne alikata rufaa, akaleta karatasi za hospitali, akarudishwa siku ileile na fainali akacheza. Watatu hawakukata rufaa, wala wazazi wao hawakukata. Waliopiga kelele zaidi baadaye ni watu ambao hawana mtoto hata mmoja katika timu hiyo.

Nitaeleza la nahodha kwa ruhusa ya mzazi wake, ambaye namshukuru kwa moyo wake. Kati ya ukaguzi na ukaguzi kulikuwa na siku 20 za masomo. Kwenye daftari la darasa, mstari wake una mikato myekundu tisa, mingi ikiwa ya Jumatatu na Ijumaa. Daftari la kocha la siku hizohizo lina alama ya vema mwanzo hadi mwisho. Hakukosa zoezi hata moja. Yaani asubuhi kipindi cha hesabu hayupo, jioni ndiye wa kwanza kufika uwanjani, anapanga koni na kujaza mipira upepo. Niliyaweka madaftari hayo mawili sambamba mbele ya kamati na hakuna mjumbe aliyebisha. Kijana mwenye nidhamu ya namna ile mazoezini hashindwi kuwahi darasani. Alikuwa amejifunza kutoka kwetu sisi wakubwa kwamba darasani hakuna anayemhesabu.

Wengi mnasema tungesubiri fainali iishe. Tarehe za ukaguzi zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo tangu wiki ya kwanza ya muhula, kabla hata ratiba ya mashindano haijatoka. Na kuna jambo ambalo halisemwi. Mwezi mmoja kabla, kipa wa timu ya wasichana alikosa robo fainali kwa sharti hilihili, kwa masomo mawili aliyofeli. Alikaa benchi na sare yake, timu yake ikatolewa, naye akarudi darasani akayainua masomo yote mawili. Hakuna mwanachama aliyenipigia simu siku ile. Hakuna aliyeandika chochote kwenye kundi la WhatsApp. Kama nahodha wa wavulana angepitishwa mlango wa nyuma, binti yule tungemwambia nini? Swali hilo nililiuliza kwenye kikao cha kamati na nawauliza na ninyi leo, na aliye na jibu asimame alitoe.

Wapo waliosema mpira ndiyo maisha ya kijana huyu, na kwamba wanaotafuta vipaji hawaangalii daftari. Wanaangalia. Marekani, ambako vijana wengi wanaota kwenda kusomeshwa kwa ajili ya michezo, mwanafunzi anayetaka kucheza daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu huko, lazima awe amemaliza masomo ya msingi 16 ya sekondari kwa wastani usiopungua 2.3 kati ya 4.0, na 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla hajaanza mwaka wake wa mwisho. Aliyezembea miaka ya mwanzo anakuta mlango umefungwa hata awe na mguu wa dhahabu. Na NCAA wenyewe wanaeleza kwamba wachezaji wao wanaofika kwenye michezo ya kulipwa hawafiki asilimia 2. Hao ni wale waliokwisha kuchujwa kutoka shule nyingi mno. Sisi hapa tunamwahidi nini mtoto tunapomwambia aache hesabu?

Mwanachama mmoja aliniandikia barua ndefu akisema kucheza ni haki ya mtoto na hakuna mwenye mamlaka ya kuiondoa. Barua niliisoma yote. Hoja hiyo ilikwisha kufika mahakamani. Jimbo la Texas lilitunga sheria mwaka 1984 kwamba mwanafunzi asiyefikisha alama 70 katika kila somo hachezi kwa wiki sita. Wazazi walishtaki, na mwaka 1985 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikaamua kwamba kushiriki shughuli za nje ya masomo si haki inayolindwa na katiba. Lakini mwaka 1995 walilegeza: wiki sita zikawa tatu, na mwanafunzi akaruhusiwa kuendelea na mazoezi. Nilipoandika rasimu ya masharti yetu nililizingatia hilo. Ndiyo maana adhabu yetu ni wiki nne tu na mazoezi hayakatazwi. Anayesema masharti haya ni ya kikatili hajayasoma.

Kuna na uvumi kwamba nilimwondoa mtoto wa mtu ili mwanangu apate namba. Mwanangu anacheza mpira wa wavu. Hilo nadhani limekwisha.

Sharti la umri na usajili nalo lina wapinzani wake, na limo kwenye mapendekezo mawili yaliyoletwa kwa ajili ya mwaka ujao, yanayotaka nyaraka zisikaguliwe "kwa ukali". Mimi nayapinga. Mamluki, yaani wachezaji wasio wanafunzi wa shule, na vijeba, yaani waliozidi umri, wanaharibu michezo ya shule kuliko kipigo chochote. Kijeba mmoja anapoingia, mtoto wa umri halali ananyimwa namba, na mwingine anaumizwa na mtu aliyemzidi uzito na nguvu. Mwaka 2001, timu ya watoto ya New York iliyoshika nafasi ya tatu katika mashindano ya dunia ya besiboli ya Little League ilifutiwa matokeo yake yote baada ya kubainika kwamba mrushaji wake alikuwa na miaka 14 badala ya 12. Watoto wenzake hawakuwa na kosa lolote, lakini walipoteza kila kitu pamoja naye. FIFA nao walianza kupima kifundo cha mkono kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ili kukadiria umri wa wachezaji katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, kwa kuwa vyeti peke yake havikuwatosha. Sisi hatuna mashine. Tuna cheti cha kuzaliwa, daftari la usajili na uaminifu wetu. Tukilegeza hapo hatubakiwi na kitu.

Naongeza neno kuhusu tabia uwanjani. Wachezaji wawili walirekodi video ya kumtukana mwamuzi baada ya fainali wakaisambaza. Wamesimamishwa na wamemwomba radhi kwa barua. Lakini matusi yale hawakuyabuni. Waliyasikia nyuma ya goli kutoka kwa watu wazima wenye kadi za uanachama za chama hiki. Wakati huohuo nahodha, ambaye ndiye aliyekuwa na sababu ya kukasirika, alikaa benchi na shati lake jeupe la shule akigawa maji. Filimbi ya mwisho ilipolia alivuka uwanja, akawapa mikono wapinzani mmoja mmoja mpaka kipa wa akiba. Nahodha wa aina hiyo ndiye tunayemtaka, na ukaguzi uliofuata alipita, akarudishiwa kitambaa chake cha unahodha.

Wa pili naye amerudi. Wa tatu ameacha michezo. Nimekwenda nyumbani kwao, nimezungumza na mlezi wake, na mwalimu wa darasa anaendelea kumfuatilia. Jambo hili linaniuma kuliko maneno yote niliyosemwa. Hata hivyo darasani anakwenda kila siku, na mlango wa timu uko wazi kwake.

Mahudhurio na ada

Wanachama walioandikishwa ni 143. Akidi ni 72. Mkutano wa kwanza wa mwaka walikuja 31, tukauahirisha. Wa pili 44, tukauahirisha tena. Huo wa masharti tulifikisha 76 baada ya mimi na katibu kupiga simu usiku na mchana. Siku ya fainali, uwanja ulijaa wanachama mpaka viti vikaazimwa madarasani. Kwa hiyo nafasi mnayo, na njia ya kuja shuleni mnaijua. Wenzetu waliokataa kuja kujadili masharti ndio waliokuja kuyalaani, na hilo haliwezi kuendelea.

Ada: waliolipa yote ni 52, waliolipa nusu 19, ambao hawajalipa chochote 72. Nusu ya chama, ndugu zangu. Mweka hazina ametuma vikumbusho mpaka amechoka. Nilitoa fedha yangu ya mfukoni kwa usafiri wa timu ya pete, na sidai kurudishiwa, ila naomba ijulikane. Mwenye shida aje aseme, tutampangia awamu. Hatujawahi kumfukuza mtu kwa sababu ya umaskini. Lakini mwenye uwezo anayekaa kimya, kisha anauliza kwa nini jezi zimechanika, anatuonea.

Mwaka ujao

Tunatarajia kuanzisha vipindi vya kuwasaidia masomo wachezaji waliokwama, jioni baada ya mazoezi, tukipata walimu wa kujitolea. Tunatarajia pia kuboresha kiwanja, kuongeza timu ya wasichana ya kikapu kama vijana watajitokeza, na kuandaa kanuni za maadili kwa mashabiki ambazo wazazi nao watazisaini. Bajeti ya haya itategemea ada. Kamati itaendelea kuangalia uwezekano.

Masharti ya kucheza yatapigiwa kura upya leo, kama walivyoomba wanachama 23 kwa maandishi. Kamati inapendekeza yabaki kama yalivyo. Makocha wote wameunga mkono kwa maandishi, na barua zao zimo kwenye jalada lilelile la bluu. Nawashukuru walimu, kamati, na wazazi wale wachache waliosimama nami wakati haikuwa rahisi kusimama nami.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti