Sikumchongea mtoto wa mwenzetu

Columbus, Ohio, Marekani

Mama,

Shikamoo. Sisi huku wazima, baridi imeanza kulegea, na wajukuu zako wanakusalimu. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na sitaki likatike katikati.

Dada ameniambia kuwa maneno yamefika Muheza, kwamba mimi ndiye niliyemchongea yule dada wa Korogwe mpaka mwanawe akatolewa shule. Mama, sikumchongea. Lakini kuna sehemu ya habari hii inayonihusu, na nataka uisikie kinywani mwangu kabla hujaisikia kwingine.

Shule ya serikali huku ni bure, ila si popote utakapo. Jiji na vitongoji vyake vimekatwa kuwa wilaya za shule, na mtoto husoma katika wilaya anayolala. Fedha nyingi za shule zinatokana na kodi ya majengo ya eneo lenyewe, kwa hiyo penye nyumba za thamani pana fedha, na ng'ambo ya barabara mambo yanaweza kuwa mengine kabisa. Mahakama ya Juu ya Ohio ilitamka mwaka 1997 kwamba kuzitegemea mno kodi hizo ni kinyume cha katiba ya jimbo, lakini mipaka imebaki pale pale. Sheria inaruhusu wilaya kupokea watoto wa nje, ila kila wilaya hujiamulia, na ya kwetu haipokei.

Basi ukienda kuandikisha mtoto unadaiwa mkataba wa pango na bili ya umeme. Kama umejihifadhi kwa watu, mwenyeji wako aape kwa maandishi kwamba kweli mnaishi kwake. Unakumbuka uliponipeleka kwa Mjomba, Ngamiani, nikasomee Tanga mjini? Mjomba alikwenda na barua ya uhamisho, kesho yake nikakaa darasani. Huku hata mjomba angeulizwa hati ya mahakama ya kunilea.

Mwezi wa nane yule dada alinijia nyumbani na karatasi ya kiapo. Alitaka niandike kuwa yeye na mwanawe wanaishi kwangu. Nilikataa. Si roho mbaya, Mama, niliogopa. Hapa hapa Ohio, mjini Akron, mama mmoja aitwaye Kelley Williams-Bolar alitumia anwani ya baba yake mzazi ili binti zake wawili wasome katika wilaya anayoishi babu yao. Wilaya ilikodi mpelelezi akamfuata kwa kamera, ikamdai ada ya maelfu ya dola. Mwaka 2011 alihukumiwa, akalala jela siku 9. Alikuwa anasomea ualimu, na kosa kubwa la jinai lingemfungia mlango huo. Watu wengi walipiga kelele, na mwaka huo huo gavana John Kasich akalipunguza kosa lake likawa dogo. Mimi natunza wazee, na kazi yangu haitaki doa la namna hiyo. Nilimwambia siwezi kuapa uongo, nikamkaribisha chai, akasema ana haraka, akaondoka.

Sikumuuliza analala wapi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kumbe alikuwa ametolewa nyumbani kwa kushindwa kulipa pango. Alikuwa amejibanza na mwanawe kwa familia moja ya Wakongo, mitaa miwili tu kutoka kwangu, ndani ya wilaya yetu, wanalala sebuleni. Wale Wakongo waliogopa kutia saini kwa kuwa mkataba wao na mwenye nyumba unataja idadi ya watu. Mwisho walimhurumia, wakatia saini, mtoto akaingia darasa moja na mwanangu wa pili. Mwezi wa kumi na moja Wakongo nao wakahama, yeye akahamia kochi la mtu mwingine upande wa pili wa jiji. Mtoto hakumhamisha. Kila alfajiri alikuwa anamleta kwa gari, giza bado, theluji chini.

Mwezi wa kwanza tukaletewa barua wazazi wote: ukimjua mwanafunzi asiyeishi katika wilaya hii, piga namba hii, jina lako halitatajwa. Niliisoma mara mbili nimesimama mlangoni. Mtu mzima anaombwa kwa lugha ya adabu amchongee mtoto wa darasa la tatu, na anaahidiwa kufichwa. Jirani yangu mmoja aliniambia wazi kuwa wanaokuja kutoka nje wanatuibia, maana sisi ndio tunaolipa. Naye namwelewa, kodi ni nzito na darasa limejaa. Lakini mtoto anayejifunza kugawanya hajaiba kitu cha mtu. Sikumjibu jirani, na namba ile sikuipiga.

Mtu fulani aliipiga. Mtoto akatolewa. Na kwa kuwa wote walijua nilikataa kutia saini, wakahitimisha kuwa ni mimi.

Nilikwenda kumwona. Alinifungulia, hakunikaribisha kuketi. Nikamuuliza siku hiyo swali nililopaswa kumuuliza mwezi wa nane, akalia, akanieleza yote. Wiki hiyo nikamhadithia mfanyakazi wa ustawi wa jamii kazini kwetu, bila kutaja jina. Akaniambia ipo sheria ya nchi nzima, ya tangu 1987, inayoitwa McKinney-Vento. Mtoto aliyepoteza makazi, hata kama analala kwa ndugu au rafiki kwa sababu wazazi wameishiwa, ana haki ya kuandikishwa papo hapo bila zile karatasi, na ana haki ya kubaki katika shule aliyokuwa akisoma hata akihamia nje ya wilaya. Kila wilaya inatakiwa kuwa na mtu wa kushughulikia watoto hao. Hakukuhitajika kiapo cha mtu yeyote, Mama. Tangu mwezi wa nane.

Tulikwenda pamoja, nikamsaidia Kiingereza. Jumatatu iliyopita mtoto amerudi darasani, na wilaya inamletea usafiri saa 12 na nusu asubuhi. Mwanangu alirudi nyumbani ananiambia, "Mama, amekaa pale pale kwake."

Nakuomba, ukienda Korogwe mwezi huu, pita kwa bibi yake. Mwambie mjukuu anasoma, na mama yake bado anatafuta nyumba ila hayuko peke yake. Mwambie pia nilikataa kutia saini, usimfiche hilo, halafu mweleze sababu. Nimemtumia Dada hela kidogo, umnunulie bibi sukari na khanga.

Binti yako