Stesheni za Derbyshire hazikufungwa na mtu mmoja

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu stesheni zilizoachwa za vijijini Uingereza, nikaifurahia, ila pale mwandishi aliposema zote zilifungwa na Dkt. Richard Beeching, aliyekuwa mkuu wa shirika la reli la Uingereza, nimeshindwa kunyamaza. Naishi Derbyshire, na Jumapili nyingi hupita kwa miguu kwenye stesheni ya zamani ya Millers Dale. Naomba nafasi nieleze.

Stesheni hiyo ilifunguliwa mwaka 1863 na kampuni ya reli ya Midland. Kijiji chenyewe ni nyumba chache tu bondeni. Lakini treni za kati ya Manchester na London hazikuwa zikiingia mjini Buxton, kwa hiyo abiria wa Buxton walibadilishia treni Millers Dale. Ndiyo maana mahali padogo vile palikuwa na stesheni kubwa, hata posta ikawekwa palepale kwenye jukwaa la abiria! Mwaka 1905 likaongezwa daraja la pili kando ya lile la kwanza, maana treni zilishakuwa nyingi mno. Yote mawili yamesimama hadi leo.

Sasa tutazame tarehe. Ripoti ya Beeching, iliyopendekeza stesheni nyingi zifungwe, ilitoka Machi 1963. Stesheni ya Hassop, kwenye njia hiyohiyo, ilikuwa imefungwa kwa abiria tangu 1942, na ya Monsal Dale tangu 1959. Hizo nazo alizifunga yeye? Millers Dale ilifungwa Machi 1967, chini ya serikali ya chama cha Labour kilichoshinda uchaguzi wa 1964 kikiahidi kusitisha ufungaji mkubwa wa reli. Mwaka uliofuata treni zikakoma kabisa. Beeching alipendekeza, lakini walioidhinisha ni mawaziri. Tukimtwika yeye mzigo wote, ahadi ile inasahaulika, na waliopoteza treni yao hawakustahili hilo.

Jambo ambalo makala haikuligusa ni ardhi. Sehemu nyingi za Uingereza njia za reli zilikatwa vipande zikauzwa, na leo zina nyumba juu yake. Hapa, mamlaka ya hifadhi ya Peak District iliichukua njia, ikaifungulia wapita kwa miguu mwaka 1981, na mahandaki yakafunguliwa 2011. Ndani ya handaki la Headstone maji hudondoka hata wakati wa kiangazi. Nilipopapasa ukuta, kidole kilitoka cheusi. Masizi ya treni za mvuke hayo, na bado yapo.

Wapo wanaotaka treni irudi, wapo wanaotaka njia ibaki ya baiskeli na watembeaji. Mimi naipenda njia hiyo, na bado nasema treni irudi. Tunaweza kubishana hivyo kwa sababu hakuna aliyeiuza.

Mwandishi wenu akija huku, treni ingali inafika Buxton kutoka Manchester. Nitampokea hapo, nimpeleke Millers Dale mwenyewe. Jengo la stesheni siku hizi ni mkahawa, tutakunywa chai.

Msomaji wenu,
Derbyshire, Uingereza