Barua kuhusu warsha zilizoanzia Bali

Dar es Salaam

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote walioko nyumbani Mombasa. Sisi huku ni wazima. Katika barua yako umenieleza kuwa umechoshwa na warsha za siasa na usalama, kwamba watu hukutana hotelini, husoma mada, hupokea posho, kisha hutoa taarifa ya pamoja isiyosomwa na mtu, nawe ukaniuliza kwa nini mimi bado ninaziamini. Nitakujibu kwa mfano wa Asia ya Kusini-Mashariki, kwa kuwa ndio ninaoufundisha.

Mgogoro wa Bahari ya Kusini mwa China unaufahamu. China, Taiwan, Vietnam, Ufilipino, Malaysia na Brunei, kila moja inadai sehemu ya visiwa, miamba au maji ya bahari hiyo, na mwezi Machi 1988 wanamaji wa China na Vietnam walipambana katika visiwa vya Spratly, Wavietnam 64 wakauawa. Baada ya damu hiyo hapakuwa na baraza la kuwaketisha wadai wote pamoja, kwani China na Vietnam hazikurejesha uhusiano wa kawaida hadi 1991, na Taiwan haitambuliwi kuwa dola na yeyote kati ya majirani hao. Indonesia, ambayo haidai kisiwa chochote cha Spratly, ndiyo iliyopata njia. Balozi Hasjim Djalal, bingwa wa sheria ya bahari, alianzisha mfululizo wa warsha kwa fedha za Kanada na kwa kushirikiana na Profesa Ian Townsend-Gault wa Chuo Kikuu cha British Columbia. Ya kwanza ilifanyika Bali, Januari 1990, kwa watu wa nchi sita zilizokuwa wanachama wa ASEAN, jumuiya ya nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, wakati huo. Mwaka uliofuata walikutana Bandung, mji uleule wa mkutano wa Asia na Afrika wa 1955, na safari hii waliketi pamoja washiriki kutoka Beijing, Taipei na Hanoi.

Waliwezaje? Kila mshiriki alihudhuria kwa nafsi yake, si kwa niaba ya serikali, hata pale ambapo ukumbi mzima ulijua kuwa ni ofisa wa wizara ya mambo ya nje, na swali la nani mwenye mwamba upi liliwekwa kando tangu mwanzo. Walizungumzia utafiti wa bahari, usalama wa vyombo, uchafuzi wa maji na samaki. Mwaka 2002 wanasayansi wao walifanya msafara katika visiwa vya Anambas, kwenye maji ya Indonesia, kuchunguza viumbe wa baharini. Najua utacheka ukisema kwamba manowari hazizuiwi kwa kuhesabu kaa. Hata hivyo, soma tamko ambalo China na nchi za ASEAN zilitia saini Phnom Penh mwezi Novemba mwaka huohuo: miongoni mwa maeneo ya ushirikiano yaliyotajwa humo mna hifadhi ya mazingira ya bahari, utafiti wa kisayansi na usalama wa vyombo, yaani mambo yaleyale yaliyokuwa yamejadiliwa kwa miaka kumi na zaidi na watu waliodai kuwa hawamwakilishi yeyote.

Sitaki kuzipamba. Warsha hizo hazikuizuia China kuutwaa mwamba wa Mischief, huko huko Spratly, mwaka 1995, na fedha za Kanada zilipokoma mwaka 2001 kazi nyingi zilipungua. Wala sikubaliani na wenzetu wanaohubiri kuwa utandawazi wenyewe utaleta amani. China imekuwa mshirika mkubwa zaidi wa kibiashara wa ASEAN tangu 2009, lakini Ufilipino ililazimika kuishtaki mwaka 2013, na hukumu ya baraza la usuluhishi ya Julai 2016 iliyoipa Ufilipino ushindi katika hoja nyingi ilikataliwa na Beijing waziwazi. Biashara imewapa sababu ya kuogopa vita, ila haijawapa mahali pa kusemezana.

Jambo moja hunikera ninapofundisha somo hili: wanafunzi hudhani sheria inayobishaniwa huko ni ya watu wengine. Wazo la eneo la kiuchumi baharini, yaani eneo ambalo nchi ya pwani ndiyo yenye haki ya samaki na rasilimali zake, na ambalo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 uliliwekea mpaka wa maili 200 za baharini, liliwasilishwa na Mkenya, Frank Njenga, mjini Colombo mwaka 1971, mbele ya kamati ya wanasheria wa Asia na Afrika. Nacho kilikuwa kikao cha aina hiyohiyo unayoilalamikia.

Kwa hiyo, kuhusu warsha yako ya wavuvi wa mkondo wa Pemba, ushauri wangu ni kwamba uifanye, lakini uondoe kabisa taarifa ya pamoja kwenye ratiba. Waalike wavuvi wa dago wenyewe, wale wanaohama na kupiga kambi kufuata samaki, pamoja na maofisa wa pande zote mbili, Kenya na Tanzania, uwaombe maofisa waache vyeo vyao mlangoni, na uhakikishe mapema kuwa una fedha za mkutano wa pili, kwa sababu wa kwanza utaishia katika kupimana tu. Nitumie ratiba kabla hujaipeleka kwa mfadhili, niisome kwa utulivu.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako katika kazi na udugu.