Wageni hawaji kuangalia kabati: barua ya wazi kwa vijana mnaoanza nyumba

Wanangu na wajukuu zangu,

Marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini kwa umri huu naitikia mapema.

Nawaandikia nyinyi mliooana juzi, mliotoka kwa wazazi, mnaolipia chumba cha kwanza na kulala mkihesabu vilivyopungua. Nimewasikia mkisema, "Tutawaita watu nyumba ikishakamilika." Maneno hayo ndiyo yaliyoniinua kitini nikatafute kalamu, maana niliyasema mimi mwenyewe miaka arobaini iliyopita, na nyumba yangu haikukamilika hata siku moja.

Mwaka jana nilihama kutoka nyumba ya vyumba vitano kwenda ya vyumba viwili. Mzee alishatangulia, watoto wako kwao, na magoti yangu yamechoka kugombana na ngazi. Nilidhani kufungasha kungekuwa kazi ya wiki moja. Kulichukua miezi minne. Nilikuta kopo lenye funguo kumi na saba, nikazunguka nalo nyumba nzima nikijaribu kila kitasa na kila kufuli, na hakuna hata mmoja uliofungua kitu. Nilikuta chaja za simu zilizokufa zamani, zimesokotana hata sikujua ipi inaanzia wapi. Nilikuta mapazia ya madirisha ya nyumba tuliyoihama kabla kitinda mimba wangu hajazaliwa. Halafu nikafika kwenye kabati la vioo.

Kabati hilo lilikaa sebuleni, limefungwa, na ufunguo wake nilikuwa nao mimi peke yangu. Ndani mlikuwa na sahani ishirini na nne, mabakuli yenye vifuniko na glasi za shina refu. Vyombo vya wageni. Sisi wenye nyumba tulikula kwenye sahani za plastiki zilizokwaruzika mpaka maua yake yakafutika. Nilipozitoa zile nzuri, kumi za chini zilikuwa bado kwenye gazeti walilozifungia dukani siku ya kuzinunua. Wino ulikuwa umehamia kwenye sahani. Ya juu kabisa niliweza kuisoma nusu ya tangazo, kinyumenyume. Sahani hizo hazikuwahi kuonja chakula.

Glasi zilikuwa kumi na moja. Ya kumi na mbili ilimponyoka mtoto wa rafiki yangu wa ujana, siku moja waliponitembelea. Nilisema, "Haina neno," lakini uso wangu ulikuwa umeshasema mengine. Rafiki yangu alipiga magoti akaokota vipande kimoja kimoja kwenye kiganja, akaniomba radhi mara tatu, nne. Baada ya hapo alikuja bila mtoto. Kisha akawa haji. Nami kwa miaka yote iliyofuata, kila nilipopangusa vumbi kabatini nilizihesabu zile glasi, moja hadi kumi na moja, wala sikuwahi kujiuliza nahesabu nini hasa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu mgeni alikuja, mwenyeji akaugua kwa hofu ya glasi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nawashauri muishi na vichache, sitamjibu habari za kuta nyeupe na vyumba vitupu. Hiyo nayo siku hizi imekuwa fasheni, na wapo wanaotupa meza nzima wakanunue nyingine ya gharama mara tatu kwa sababu "haina mambo mengi". Mimi kipimo changu ni kimoja: mtu akibisha hodi sasa hivi, moyo wako unasema karibu, au unakimbilia kuficha vitu chumbani?

Kulikuwa na mwandishi mmoja Mmarekani aitwaye Henry David Thoreau. Mwaka 1845 alijijengea kibanda karibu na ziwa la Walden, jimbo la Massachusetts, akakaa humo miaka miwili na ushei. Kibanda kilikuwa na upana wa futi 10 na urefu wa futi 15. Alikuwa na viti vitatu tu. Mezani aliweka mawe matatu ya chokaa, akagundua kwamba kila siku inambidi ayapanguse vumbi, akayatupa nje kupitia dirishani. Watu humtaja kama mtu aliyewakimbia wenzake, lakini yeye mwenyewe alieleza kwamba hakuna wakati maishani mwake alipopata wageni wengi kama alipoishi pale msituni. Kuna siku walijaa watu ishirini na tano, thelathini, kwenye kile kibanda, wengi wao wima. (Msimwone mtawa, lakini. Kwao hapakuwa mbali, na alikuwa akienda kula kwa mama yake mara kwa mara.) Mimi nilikuwa na viti kumi na vinane, na miezi inapita bila hodi.

Vitu huingiaje ndani mpaka vikatushinda? Mara nyingi kimoja huita kingine. Mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 18, Denis Diderot, alipata joho jipya la kuvaa nyumbani, zuri, jekundu. Alipolivaa, kiti chake cha majani kikaonekana kibaya, akaweka cha ngozi. Meza nayo ikaonekana ya kizamani, ikabadilishwa. Picha za ukutani nazo zikafuata mkumbo. Mwishoni akaomboleza kwamba kwa lile joho kuukuu yeye ndiye aliyekuwa bwana, lakini hili jipya limemfanya mtumwa. Mimi joho langu lilikuwa kochi. Kochi likaita zulia, zulia likaita mapazia, mapazia yakaita rangi mpya ya ukuta, na watoto wakakatazwa kukaa sebuleni.

Kwa hiyo ukitamani kitu, usijiulize bei yake tu. Jiulize kitadai nini kikishaingia: nafasi, kupanguswa, kutengenezwa, kulindwa, na ndugu zake wa kukisindikiza. Mimi sasa nimebandika karatasi ndani ya mlango wa kabati la nguo. Kila ninachokitamani nakiandika hapo pamoja na tarehe, nacho kinangoja siku thelathini. Zikiisha, vingi nakuta hata sikumbuki nilivitakia nini. Vichache vinavyobaki nanunua, na nanunua kizuri, maana sijasema mkae na vitu vibovu.

Mzigo wa vitu si wa nafasi peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles walizifuatilia familia 32 majumbani mwao kati ya 2001 na 2005, wakihesabu vitu na kuangalia watu wanavyoishi navyo. Gereji nyingi zilikuwa zimejaa vitu hata gari haliingii. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, wanawake walioieleza nyumba yao kama mahali palipojaa vitu na kazi zisizokwisha walionekana kuwa na tatizo kwenye kotisoli, ile homoni ya mfadhaiko. Kwa kawaida hupanda asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Kwao haikushuka vizuri. Niliposoma hayo niliwakumbuka wanawake wengi ninaowafahamu, wanaokaa kochini jioni huku macho yao bado yanafanya kazi.

Sasa, kupunguza. Anza na vilivyozidi: mikasi mitatu, vifungulio vinne, mashuka ya vitanda ambavyo havipo tena. Hivyo havilizi mtu. Picha, barua na nguo za marehemu ziache mwisho kabisa. Mimi zilinichukua mwezi mzima wa ile minne, na sijutii. Usinunue makasha ya kupangia vitu kabla hujavipunguza, maana kasha jipya ni kabati lingine kwa jina lingine. Na ulichokusudia kugawa, kigawe kikiwa kizima. Kumpelekea mtu pasi iliyoungua waya na kujiita mkarimu ni kumgeuza mwenzio jalala.

Jambo moja nalisema kwa ukali kidogo: punguza vya kwako. Usimtupie mwenzio vyake. Nimeona ndoa changa ikitikisika kwa sababu mke alirudi akakuta vitabu vyake vya shule vimetolewa, eti nyumba ipumue. Ondoa chako, mwache aone unavyopata nafasi, na ukinyamaza vya kutosha atakufuata. Asipofuata, mpe rafu yake aijaze atakavyo. Watoto nao vivyo hivyo: waulizwe. Mtoto anajua kabisa ni mwanasesere yupi asiye na jicho anayempenda kuliko wote.

Na wale ambao vitu vyao ni vichache kwa kuwa havikupatikana, barua hii haiwahusu. Sitamhubiria mtu kupunguza kitanda asichokuwa nacho.

Tuje kwenye kuwakaribisha watu, ndiko nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo.

Hofu yetu ya wageni tumeipa jina la heshima. Tunasema tunawaheshimu, kwa hiyo lazima vyakula viwe vya aina saba na sebule ing'ae. Mwenyeji anashinda jikoni toka alfajiri, wageni wanafika anawasalimia kwa kiwiko kwa sababu mikono imelowa, wanakula, wanasifu, wanaondoka, naye hajakaa nao hata robo saa. Anabaki na sufuria za kusugua na mabaki ya kutupa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani. Sisemi chote ni cha karamu. Lakini najua sufuria zangu mimi zilichangia, na najua nilikuwa napika kingi ili pasiwe na atakayesema kimepungua.

Pikeni kitu kimoja mnachokiweza, kile ambacho mkono unakipika bila kukifikiria, na kiwe cha kutosha. Ukimuuliza mgeni mapema kama kuna asichokula, umemheshimu kuliko ukimwekea aina saba abahatishe. Mgeni akiuliza aje na nini, mtajie kitu. Msizoee kujibu "njoo mikono mitupu". Mtu aliyechangia meza hukaa kama mwenyeji. Akitaka kuosha vyombo, mpe kitambaa cha kukaushia usimame naye. Baadhi ya mazungumzo mazuri ya maisha yangu yametokea kwenye sinki, watu wawili wakiangalia sahani na si nyuso zao.

Waiteni wachache. Watu wanne wanazungumza. Watu kumi na wanne wanagawanyika vikundi na wewe unageuka mhudumu. Ikiwa shughuli ni kubwa kweli, ya mara moja kwa mwaka, azimeni viti na sahani kwa jirani. Naona aibu ya kuazima inarudi miongoni mwenu, nami siielewi. Jirani aliyekuazima viti lazima umwalike, na hapo umeshapata mgeni mwingine bila kutafuta.

Pia acheni kuomba radhi mlangoni. "Samahani, nyumba vurugu tupu," na nyumba wala haina vurugu. Sasa mgeni ameanza kuitafuta. Mfagie, msafishe choo, muweke taulo safi. Hayo yanatosha, na choo ni muhimu kuliko maua. Zawadi za kupelekeana zisinisumbue kuzieleza. Pelekeni kinachoisha, kisichohitaji rafu.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Niliusikia msemo huo tangu utotoni na nikauelewa vibaya, nikadhani kwamba ndani nako ndiko kwa kupamba zaidi.

Mmenisikia nikiitaja sana ile kabati, nanyi mnataka kujua iliishia wapi. Niliigawa kwa fundi seremala, mbao zilikuwa nzuri. Sahani nilibakisha sita, nazo ndizo ninazolia kila siku, pamoja na ile yenye nusu ya tangazo, ambayo wino wake umegoma kutoka. Mbili zimeshabanduka ukingoni. Glasi kumi na moja nilizifunga vizuri nikampelekea yule rafiki yangu. Nilichukua muda kumpata. Alifungua boksi, akazihesabu, akaniangalia, tukacheka mpaka mwanawe, mtu mzima sasa mwenye ndevu, akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Kesho jioni anakuja kwangu na huyo mwanawe, pamoja na wengine watatu. Viti ninavyo vinne, nasi tutakuwa sita. Kijana amenipigia simu kusema atakuja na chake.

Ni mimi bibi yenu.