Kiingilio cha 10,000 kinawafukuza wenye timu Sokoine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako niseme na viongozi wa klabu zinazotumia Uwanja wa Sokoine hapa Mbeya, na wenzao wa mikoani wanaofanya kama wao, kuhusu viingilio. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Mwanjelwa, na ni mtu wa mpira tangu ujana wangu. Timu za jiji hili nazipenda zote. Nikisema "klabu mwenyeji" sitaitaja kwa jina, kwa kuwa mtindo huu sijauona kwa mmoja tu, na kumtupia mmoja lawama zote si haki.

Mechi za kawaida huwa tunaingia mzunguko, yaani majukwaa ya bei ya chini, kwa shilingi 3,000, mara nyingine 2,000 ikiwa mgeni hana jina kubwa. Ikifika zamu ya Simba au Yanga kupanda Mbeya, gari la matangazo linapita Kabwe na Mwanjelwa likitangaza mzunguko 10,000, jukwaa kuu 30,000. Linapita siku mbili kabla ya mechi, pengine siku moja. Bei ya mtoto haitajwi, maana haipo. Mtoto wa darasa la tatu analipa sawasawa na mfanyabiashara mwenye lori.

Wengine wataona 10,000 si hela ya kuandikia barua. Sketi ya shule naishona kwa ufundi wa shilingi 5,000. Nikitaka kwenda na wanangu wawili, ni sketi sita, na hapo sijalipa bajaji wala sijawanunulia karanga. Mama anayepanga nyanya chini pale sokoni, kijana anayebeba mizigo, dereva wa bodaboda mwenye hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, hao ndio nawajua, na hao ndio walikuwa wanajaza mzunguko wa Sokoine. Siku ya mechi kubwa sasa huwaoni ndani.

Utawaona kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira kwa runinga. Mara ya mwisho mmoja wa vigogo wa Kariakoo, yaani Simba au Yanga, alipokuja nilifunga kazi mapema nikashuka kuelekea uwanjani. Njiani kuna banda linaloonyesha mpira, kiingilio shilingi 1,000, na siku hiyo watu walikuwa wamejaa mpaka nje ya mlango, wengine wamesimama juu ya ndoo za rangi ili waone. Nikasimama nao kidogo. Picha ya king'amuzi huchelewa sekunde kadhaa, lakini kelele za uwanjani hazichelewi. Ghafla tukasikia uwanja mzima umelipuka kwa shangwe, na kwenye runinga mpira bado uko katikati. Watu wa banda wakaanza kuulizana: nani kafunga? Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu akasema, "Kelele hizo si zetu." Alisema kweli. Zilikuwa za mgeni.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela zenyewe. Ukipandisha bei kwa mechi ya Simba au Yanga, unachagua nani aingie. Anaingia yule ambaye kwake mechi hiyo ni ya mwaka, anayeipenda Simba au Yanga na kuiona mara moja tu kila msimu, kwa hiyo yuko tayari kulipa hata 15,000. Anabaki nje yule aliyekuja mwezi uliopita timu ya nyumbani ilipocheza na Namungo, akakaa kwenye jua na watu wachache, akashangilia peke yake. Matokeo yake timu inacheza ugenini ndani ya uwanja wake. Beki wa kwetu akigusa mpira anazomewa, na wanaomzomea ni wakazi wa Mbeya, tena wamelipa zaidi ya mtu mwingine yeyote msimu ule.

Najua jibu lililozoeleka: kila Mtanzania ana Simba yake au Yanga yake, hata kiingilio kiwe bure kelele zitakuwa zao tu. Mimi nakataa, kwa sababu nimeona kinyume chake kwa macho yangu. Msimu wa 2013/14 Mbeya City walipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza wakiwa na kocha Juma Mwambusi, wakamaliza wa tatu, juu ya Simba. Mwaka ule cherehani yangu haikupumzika. Nilishona bendera za zambarau na nyeupe, nikashona kofia, nikashona vitambaa vya kufunga mkononi, mpaka kitambaa cha zambarau kikaadimika madukani na wenye maduka wakawa wanatuuliza sisi mafundi tumekipata wapi. Wateja wangu walikuwa watu waliozaliwa Yanga na watu waliozaliwa Simba. Aprili 2014 Azam walitwaa ubingwa wao wa kwanza hapo hapo Sokoine, wakitufunga 2-1. Tulifungwa, lakini uwanja ulikuwa wetu, na mtu aliyevaa jezi ya timu nyingine siku ile alikaa kimya.

Sisemi kwamba kilichoua hamasa ile ni kiingilio peke yake. Wachezaji waliuzwa, kocha aliondoka, timu ikayumba miaka mingi hadi ikashuka daraja msimu wa 2022/23. Msimu wa 2025/26 City walirudi, Tanzania Prisons nao wakiwemo, jiji likawa na timu mbili Ligi Kuu. Ndiyo maana naandika leo, wakati bado kuna watu wa kuwarudisha uwanjani.

Viongozi wana hoja zao na ninazielewa. Kusafirisha timu kutoka Mbeya hadi Mwanza ni gharama kubwa. Kuna mishahara, kambi, hoteli, na mapato ya getini nayo yana makato: kodi, uwanja, shirikisho na wengineo, hata klabu inabaki na kiasi kisichofurahisha. Kila timu ya ligi hii ya timu 16 inacheza nyumbani mara 15, na katika hizo ni mechi mbili tu, ya Simba na ya Yanga, zinazoleta hela ya kueleweka. Mwenye shida akiona mechi mbili za namna hiyo lazima azikamue.

Lakini mechi 13 zilizobaki nani anaziangalia? Mtu hajengi mazoea ya kwenda uwanjani kwa kuzuiwa siku anayoitamani zaidi na kukaribishwa siku asiyoijali. Mtoto anaipenda timu siku anapoiona ikimkaba kigogo mbele ya uwanja uliojaa. Wiki mbili baadaye atamng'ang'ania baba yake warudi, hata kama mgeni ni timu ya kawaida. Ukimnyima siku ile ya kwanza, umempoteza pia siku zote zinazofuata, na mpenzi wa Simba aliyelipa 10,000 hatamfidia, maana yeye hataonekana tena uwanjani mpaka Simba warudi mwakani.

Kuna jambo moja ambalo kila mtu wa mpira wa mikoani analijua na viongozi hawalitilii maanani. Nalo ni fungulia mbwa. Dakika za mwisho geti linafunguliwa, walinzi wanajiondokea, na watoto waliokuwa wamezunguka ukuta tangu saa tisa wanamiminika ndani bure. Ukiwa umekaa mzunguko unasikia tofauti papo hapo. Dakika 70 nzima upande wetu ulikuwa na ngoma moja na watu wanaochungulia simu, halafu ghafla kuna watoto mia kadhaa wanaruka, wanaimba, wanamwita golikipa wetu kwa jina. Nimeona wachezaji wetu waliochoka wakianza upya kukimbia. Nguvu hiyo ilikuwa nje ya ukuta muda wote wa mchezo, na tuliiacha nje kwa sababu haikuwa na shilingi 10,000. Kwa nini isiingie dakika ya kwanza kwa shilingi 500, kwenye eneo lake, ikiwa na walimu wake wa shule?

Viongozi wasidhani ni shida ya maskini wa Mbeya tu. Februari 2016, wamiliki wa Liverpool ya England walitangaza kwamba tiketi ya juu kabisa msimu unaofuata itakuwa pauni 77. Mechi iliyofuata, dhidi ya Sunderland pale Anfield, maelfu ya mashabiki walisimama dakika ya 77 wakatoka nje. Liverpool walikuwa wanaongoza 2-0. Mechi iliisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki hao waliomba radhi na kuiacha bei ya juu pale pale ilipokuwa, pauni 59. Mwaka huo huo Ligi Kuu ya England iliweka kikomo cha pauni 30 kwa mashabiki wa ugenini, kwa kuwa klabu zenyewe zilitambua kwamba majukwaa bila watu wale yamepooza. Ujerumani nako Dortmund wana jukwaa la kusimama linalobeba watu wapatao 25,000, na wangeweza kuweka viti na kuuza ghali zaidi, lakini wameliacha kwa sababu jukwaa lile ndilo timu. Klabu hizi zina hela kuliko zetu zote zikijumlishwa, na bado zinajua kuna mtu ambaye hutakiwi kumpoteza.

Na sisi tuna sababu moja zaidi. Mkataba wa haki za matangazo kati ya shirikisho la soka, TFF, na kampuni ya Azam Media uliosainiwa 2021 ni wa miaka 10 na thamani yake ni shilingi bilioni 225.6. Anayenunua picha ananunua na uwanja uliojaa. Angalieni mechi za mikoani kwenye runinga: kamera inakwepa majukwaa, inabana uso wa mchezaji, inamfuata kocha, kwa sababu ikifunguka kidogo inaonyesha zege tupu. Msiwafanye wapenzi wenu wakae vibandani halafu mkauze ligi kama ligi ya watu.

Sidai mechi ya Simba iwe shilingi 3,000 kwa kila mtu. Nadai mwenye timu atambuliwe. Wauze tiketi ya msimu kabla ligi haijaanza, ilipwe kidogo kidogo kwa simu kama tunavyolipa vikoba, na mechi za Simba na Yanga ziwemo ndani yake. Kama hilo ni gumu mwaka huu, basi anayeonyesha vipande vitatu vya tiketi za mechi zilizopita aingie mzunguko kwa 5,000, na asiye navyo alipe hiyo 10,000. Mtu huyo atakuwa amejaza uwanja mara tatu zile ambazo hakuna aliyekuja. Upande mmoja wa mzunguko utengwe kwa wapenzi wa nyumbani, wenye ngoma na tarumbeta zao wakae pamoja, badala ya kutawanywa katikati ya jezi za wageni. Na bei itangazwe walau wiki mbili kabla, kwa sababu sisi wa kipato cha siku tunajiandaa kidogo kidogo. Tangazo la kesho ni la mtu mwenye akiba.

Wapo watakaosema kushusha bei kutaleta msongamano na hatari. Hofu hiyo ni ya kweli. Mei 28, 2023, Yanga walipocheza na USM Alger kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, mtu mmoja alipoteza maisha katika msongamano na wengine wakaumia. Lakini msongamano unazuiwa kwa kuuza tiketi mapema, kuhesabu watu, kufungua mageti yote na kuwa na wasimamizi wanaojua kazi. Pale kwetu watu wanasukumana getini kwa sababu dirisha linalouza ni moja na linafunguliwa saa tano asubuhi ya siku ya mechi. Bei ya 10,000 haijaongeza hata dirisha moja.

Bodi ya Ligi nayo ina nafasi yake. Kanuni zinapanga mpaka rangi za jezi na muda wa kufika uwanjani. Zinaweza kupanga pia kwamba kiingilio cha mzunguko kwa mechi yoyote kisizidi mara mbili ya kile cha mechi ya kawaida, na kwamba kila uwanja uwe na bei ya mtoto. Viongozi wa matawi ya hapa Mbeya tulishaongea nao, wanakubali kwa mdomo, wanasema wataupeleka ujumbe. Sasa naomba ufike kwa njia ya gazeti.

Ratiba ipo na mechi za Simba na Yanga za hapa Sokoine zinajulikana. Klabu mwenyeji watuambie mwezi huu, si siku moja kabla, kiingilio cha mzunguko kitakuwa shilingi ngapi na mtoto atalipa nini. Kitambaa cha bendera ninacho tayari.

Fundi cherehani,
Mwanjelwa, Mbeya.