Mmeifanyia Matanga Misitu Iliyo Hai

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kimya kimya kwa miaka mingi, na ningeendelea kunyamaza kama si ile taarifa yenu ya setilaiti mliyoiita “jicho la angani lisilolala”. Ile yenye picha ya bonde jekundu, na chini yake maelezo kwamba wekundu huo ni ardhi iliyoungua.

Hakuna kilichoungua pale. Jani lenye afya humeza mwanga mwekundu kwa klorofili yake, na huakisi kwa wingi mwanga wa infraredi ya karibu ambao macho yetu hayauoni. Kihisi cha setilaiti huunasa, kisha wachakataji wa picha huupa rangi ya kuazima, na kwa desturi rangi hiyo ni nyekundu. Kwa hiyo penye wekundu uliokolea ndipo penye mimea iliyonawiri. Maji nayo humeza infraredi, hutokea meusi. Ule mstari mliouita “mkaa” ni mto! Mmeifanyia matanga misitu iliyo hai.

Kuhusu kutolala: setilaiti za Landsat 8 na 9 ziko kilomita 705 juu, huvuka ikweta mnamo saa nne asubuhi, na kila moja hurudi pale pale baada ya siku 16. Pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ni mita 30 kwa 30 za ardhi. Gari zima humo ni kijisehemu tu, sembuse namba zake mlizodai zinasomeka.

Mngejua taarifa za namna hii zinavyotuponza sisi tunaochora ramani. Mafuriko yalipotokea, mkuu wangu wa kazi alinijia na gazeti mkononi, akataka picha ya jana, na aipate kabla ya mkutano. Nikamweleza kwamba mafuriko huja na mawingu, na kihisi kinachotegemea mwanga wa jua hakipenyi wingu. Inayopenya ni rada, kwa sababu hurusha mawimbi yake yenyewe, usiku na mchana. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi hayo kando, ndiyo maana eneo lililofurika huonekana jeusi. Lakini setilaiti ya rada nayo ina njia yake na ratiba yake, haiitwi kama teksi. Hakunielewa. Akatoa simu, akafungua ramani, akanionyesha paa la ofisi yetu: “Mbona hii inaonekana?” Inaonekana, ndiyo, pamoja na mti wa uani uliokatwa kabla yeye mwenyewe hajahamishiwa kwetu! Mkutanoni nikatambulishwa kama mtu aliyeshindwa kuleta picha.

Na hizo ramani za simu ni balaa jingine. Watu wanagombania mipaka ya viwanja kwa picha ambayo hawajui ilipigwa mwaka gani, wala kama imekaa sawasawa juu ya ardhi. Kuna waheshimiwa pia wanaokisia mavuno wakiwa mezani bila kutuma hata mtu mmoja shambani, ilhali kipimo cha kijani kinachotoka angani hakitofautishi mahindi na magugu mpaka mtu aende akaone. Hao hamwaandiki.

Pendekezo langu ni dogo. Chini ya kila picha ya setilaiti andikeni jina la setilaiti, tarehe, ukubwa wa pikseli, na rangi gani inasimamia mwanga gani. Herufi ziwe kubwa kama za jina la mpiga picha wenu wa michezo. Picha za Landsat ni bure tangu 2008, kwa hiyo msiseme gharama. Mkikosa nafasi, ondoeni ile safu ya nyota: nayo inahusu mambo ya angani, na hakuna aliyewahi kwenda shambani kuihakiki.

Mchora ramani aliyechoka